Kisima Namba Kumi na Nne

Leota Skaar alisikia mumewe akicheka, akasimama na sahani mkononi huku maji ya sabuni yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Si kwamba Orrin alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mtu wa kimya tu, wa kuitikia kwa kichwa. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa, Leota alikuwa amezoea kumsikia akicheka labda Krismasi, na siku ile ndama alipompiga teke mchungaji wa kanisa. Leo alikuwa anacheka Jumanne, saa tatu asubuhi, nyuma ya kibanda cha pampu, na aliyemchekesha ni yule mwanamke wa maji.

Mwanamke wa maji aliitwa Delphine Rausch. Alikuwa na miaka arobaini na mitano hivi, mume hana, uso umebabuka kwa jua, na buti zake zilikuwa kubwa kuliko za Orrin. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya ardhini. Kampuni moja ilitaka kuchimba makaa ya mawe maili nne kutoka ranchi ya akina Skaar, na pande zile za Montana makaa na maji hukaa nyumba moja. Tabaka la makaa ndilo linaloshika maji, na visima vya watu vimetobolewa humo humo. Ukilikata tabaka, maji hukimbilia shimoni. Kwa hiyo sheria iliitaka kampuni iajiri mtu wa kupima visima vyote vya jirani mwaka mzima kabla mtu hajagusa koleo. Kisima kikiandikwa kizima, siku kikikauka kampuni italazimika kumpa mwenyewe maji mengine. Kikiandikwa kibovu, mwenyewe atajijua.

Kisima cha akina Skaar kilikuwa namba kumi na nne, na hawakuwa na kingine. Ng'ombe mia mbili na nyumba nzima walikunywa humo.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha jioni, Orrin alikwenda kibandani kuzima pampu, ili maji yatulie na kurudi pale yanapokaa yenyewe. Alifanya hivyo kwa heshima zote, kama mtu anayefunga mlango wa kanisa. Leota alijaza masufuria na ndoo, akaoshea vyombo maji ya kuchota, na hadi Jumanne hiyo hakuwa amelalamika. Asubuhi Delphine alikuja na utepe wake mrefu, akaushusha kisimani, na ulipogusa maji ukalia pii.

"Sitini na mbili!" Delphine aliita. Maana yake ni futi sitini na mbili kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji.

"Si nilikuambia?" Orrin alisema. "Babu alisema sitini na mbili, na babu hakuwa mtu wa kutia chumvi."

Baadaye waliingia jikoni kunywa kahawa. Delphine alifungua daftari lake, akamwuliza Orrin kuhusu kile kisima cha zamani cha kuchimbwa kwa mikono, kule kwenye miti ya bondeni.

"Kile nimeingia mwenyewe," Orrin alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Kilijaa tope, na mimi ndiye niliyekuwa mwembamba. Baba alinifunga kamba kiunoni akaniteremsha na ndoo. Huko chini nikatazama juu, mchana kweupe, nikaona…" Akatabasamu. "Hapana, utanicheka."

"Sikucheki, Bwana Orrin. Uliona nini?"

Leota aliweka sahani ya keki mezani kwa kishindo kidogo. "Mimi hujawahi kuniambia uliteremshwa kisimani."

Orrin alimtazama, akashangaa kweli. "Hukuwahi kuniuliza, mama."

Maneno yenyewe yalikuwa matatu na hayakuwa na ubaya wowote, lakini Leota yalimwingia kama mwiba. Akasema anakwenda kutazama kuku, akaenda, akasimama huko bila kutazama kuku. Aliporudi hadithi ilikuwa imekwisha, na alichokiona Orrin kule chini kilikuwa tayari cha mwanamke mwingine.

*

Mwenye wivu huanza kuhesabu. Leota alihesabu. Orrin alinyoa ndevu Jumanne. Siku nyingine alingoja Jumapili. Jina la Delphine lilitajwa mara sita katika mlo mmoja wa jioni: Delphine anasema chemchemi ya kwa Bender inatoka kwenye tabaka letu, Delphine anasema maji yetu yana rangi ya chai kwa sababu ya makaa, Delphine anasema hajaona mtu anayeijua ardhi kama mimi.

"Delphine hajasema nani atatoa mbolea bandani?" Leota aliuliza.

"Nitatoa kesho," Orrin alijibu, wala hakuhisi kitu.

Kilichomwuma zaidi ni kwamba hapakuwa na la kushika. Hakuna mkono juu ya mkono, hakuna barua. Kulikuwa na mwanamume aliyekuwa anaongea tu. Chemchemi kumi na moja ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote Delphine aliziandika kutoka mdomoni mwa Orrin, moja moja, pamoja na mwaka kila moja ilipoganda na mwaka ilipofurika. Majirani wote walikuwa wanategemea ile ramani. Leota aliipikia kahawa.

Arlys Bender, jirani yake, ndiye aliyetia chumvi kwenye kidonda. Walikuwa wanakunja vitambaa vya meza kanisani.

"Shoga, nasikia mmepata mpangaji."

"Mpangaji gani?"

"Wa Jumanne." Arlys alikunja kitambaa kwa utulivu. "Kwangu hupima dakika kumi akaondoka. Kwenu naona gari lake hadi saa sita. Kisima chenu lazima kina utamu wake."

"Orrin anamwonyesha chemchemi."

"Ehe. Wangu angeonyesha chemchemi ningemwonyesha mlango."

Leota alicheka pamoja naye, akajikaza. Njiani kurudi nyumbani aliendesha pikapu kwa kasi mpaka vumbi jekundu la barabara likafunika uzio wa watu.

*

Jumanne ya Julai Orrin alitoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuwaangalia ng'ombe malisho ya mbali. Leota alibaki kwenye kizingiti akitazama maharage yake. Yalikuwa yamelegea kwa joto. Hicho ndicho kisingizio alichojipa. Akaingia kibandani, akaipandisha swichi, akafungua koki, na mpira wa maji ukaanza kukoroma bustanini. Aliuacha hadi saa mbili. Kisha akazima, akaukunja mpira, akavaa aproni safi.

Delphine alishusha utepe. Ukapita sitini na mbili, ukaendelea kushuka.

"Sabini na moja," alisema taratibu. Akaupandisha, akaushusha tena. "Sabini na moja. Bwana Orrin, una hakika pampu ilizimwa?"

"Nimeizima mwenyewe jana, saa mbili usiku haijafika."

"Hakuna aliyeiwasha?"

"Nani aiwashe? Leota ndiye aliyejaza ndoo."

Walimgeukia wote wawili. Leota alikuwa anaanika shati. "Ndoo tano," alisema, akachukua kibanio kingine.

Siku hiyo hapakuwa na kicheko. Orrin alisimama ameshika kofia, Delphine akakunja uso juu ya daftari, kahawa ikapoa. Kabla ya saa nne gari lilikuwa limeondoka. Leota akaona raha, raha ya kweli, na hata aliimba kidogo akipiga pasi. Hakutaka kuua kisima. Alitaka yule mwanamke aonekane hajui kazi, kampuni imtoe na kumleta mwingine, mzee mmoja wa kupima na kwenda zake.

Lakini mtaalamu akiona namba isiyoeleweka hakimbii. Alirudi. Badala ya mara moja kwa mwezi akaanza kuja mara mbili, na kila alipokuja alikaa zaidi, wakiwa vichwa pamoja yeye na Orrin juu ya mdomo wa kisima. Mara moja, Septemba, Leota aliwaona kutoka dirishani wakiteremsha kitu kwa waya mwembamba, bega kwa bega, Orrin akimshikia tochi. Angeuliza ni nini angeambiwa. Hakuuliza. Alifunga pazia.

Akawasha pampu tena, na tena, kila mara muda mrefu zaidi. Sabini na nne. Sabini na nane. Themanini na moja.

"Bi Leota, maharage yako yamestawi," Delphine alimwambia siku moja akipita. "Watu wote yao yamekauka."

"Nayapenda," Leota alijibu. "Kitu ukikipenda unakitunza."

*

Rasimu ya ripoti ilikuja kwa posta Oktoba. Orrin aliisoma mezani kwa sauti, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika kwenye namba yao.

"Kisima namba kumi na nne. Maji yanashuka mfululizo kabla ya shughuli zozote za uchimbaji. Kisima ni dhaifu kwa asili. Kinaondolewa kwenye orodha ya visima vitakavyofidiwa maji." Akarudia. "Kwa asili."

Leota alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Maana yake nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Maana yake mgodi ukikausha hiki, watasema kilikuwa kinakufa chenyewe. Hatupati hata ndoo." Orrin aliikunja karatasi mara nne. "Bila maji hakuna ng'ombe, mama. Bila ng'ombe sijui sisi ni nani."

"Pengine wamekosea."

"Utepe haukosei. Babu ndiye aliyekosea, na baba, na mimi. Nimekaa hapa kiangazi kizima namfundisha mwenye elimu yake kuhusu maji, kumbe hata yangu siyajui." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Kule dukani jana jirani yetu Kessel aliniuliza kama nataka kununua maji kwake. Watu walicheka."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini kulisema kungehitaji kusema na lingine, lile la kwa nini, na Leota aliona afadhali amenye viazi. Alimenya vingi kuliko wanavyoweza kula wawili.

Alhamisi alikwenda kwa Arlys kupika jemu. Aliporudi alikuta vikombe viwili kwenye sinki, kimoja kimesuuzwa.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Leo si Jumanne."

"Nilimpigia simu mimi." Orrin alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akatazama mikono yake, akatazama tena uso. "Kuna kitu alikuja kukitoa kisimani."

Alitoka nje. Kutoka dirishani Leota alimwona amechutama kwenye tuta la maharage makavu, akigusa udongo. Maji yao ya makaa yakimwagwa sana huacha ukoko mweupe wa chumvi, na Orrin alikuwa ameumega kipande, anakisaga kati ya vidole. Leota hakuelewa. Alikuwa bado anafikiria kikombe.

*

Mkutano wa kujadili ripoti ulifanyika Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa michezo wa shule, viti vya chuma vimepangwa chini ya nyavu za mpira. Akina mama walileta pai, kama kawaida, kwa sababu hata watu wanaokwenda kunyang'anywa maji lazima wale. Mbele walikaa ofisa wa serikali ya jimbo, mama mwenye miwani kichwani na miwani usoni, kisha mwanasheria wa kampuni, kisha Delphine.

Walipofika namba kumi na nne Delphine alisimama. Alisema Septemba aliacha kisimani kifaa kidogo kinachorekodi kimo cha maji kila saa, na rasimu iliandikwa kabla kifaa hakijatolewa na kusomwa. Kifaa kimeonyesha kwamba siku za kupima tu, kuanzia alfajiri, pampu ilikuwa inafanya kazi. Siku nyingine za Jumanne alfajiri, kimya. Kwa hiyo namba zake zote tangu Julai hazifai.

Leota alikuwa ameshika sahani ya pai ya tufaa, uma bado umechomekwa ndani yake.

"Nani aliiwasha?" ofisa aliuliza.

"Mimi," Orrin alisema.

Alisimama, mwanamume mrefu mwenye kofia mkononi na alama ya kofia kwenye paji la uso. "Mimi mwenyewe. Nazima usiku, asubuhi nasahau, nawasha. Siku hizi nasahau."

"Unasahau Jumanne tu?" mwanasheria aliuliza kwa upole, na watu wa nyuma wakacheka.

"Ndiyo, bwana. Naona hivyo."

"Pole sana. Basi kuna jambo linanisumbua." Mwanasheria aligeukia ofisa. "Ramani hii ina chemchemi kumi na moja ambazo ushahidi wake ni kumbukumbu ya Bwana Skaar peke yake. Ikiwa hakumbuki alichofanya asubuhi, tutaaminije anayosema kuhusu miaka hamsini iliyopita? Tunaomba zote ziondolewe."

Manung'uniko yalipita ukumbini. Nne kati ya chemchemi hizo zilikuwa za Bender, tatu za Kessel. Watu walianza kumtazama Orrin, na hawakuwa wanacheka tena.

"Maskini," Arlys alinong'ona kando ya Leota. "Hata hajafika sabini."

Orrin bado alikuwa amesimama. Kichwa alichokuwa amekiinua kiangazi kizima kwa sababu mtu alimwuliza mambo anayoyajua, sasa alikuwa amekiinamisha mbele ya wilaya nzima. Hakumtazama mkewe hata mara moja, na ni hapo Leota alipojua kwamba mumewe anajua.

Aliweka sahani chini.

"Si yeye," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Orrin aliizima. Niliyewasha ni mimi."

Mwanasheria alitabasamu, akamwonea huruma kama mtu anavyomwonea samaki aliyekwisha naswa. "Kwa ajili ya bustani, bila shaka? Maji hayakuwatosha?"

Mlango huo ulikuwa wazi na rahisi, na Leota karibu aingie. Angesema ndiyo, bustani, na kila mtu angekwenda nyumbani. Lakini kisima ambacho hakitoshi nyumba na bustani ni kisima dhaifu, na yule bwana alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Maji yanatutosha na kubaki," alisema. "Niliwasha makusudi."

"Makusudi gani, bibi?"

"Wivu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Alicheka peke yake, akaacha.

"Mume wangu alikuwa anamsimulia huyu dada mambo ambayo mimi sijasimuliwa miaka thelathini na minne. Nikaona wivu. Nikataka namba zake ziwe za kijinga, afukuzwe. Hajafanya kosa, na mume wangu hajasahau kitu tangu nimjue. Anakumbuka hata majina ya ng'ombe waliokufa. Mjinga ni mimi. Kisima hakina kosa. Andikeni hivyo."

Delphine alikuwa anatazama meza, shingo imekuwa nyekundu. Ofisa alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine, akaandika kwa muda mrefu.

*

Walikuwa wamekwenda maili tatu kurudi nyumbani.

"Ulijua tangu Alhamisi," Leota alisema.

"Chumvi kwenye maharage."

"Mbona hukuniuliza?"

Orrin alibadilisha gia. "Nilidhani umechoka. Nilidhani unataka kisima kife ili tuuze, tuhamie mjini, na unaona haya kuniambia. Nikasema basi, kama ndicho anachotaka, lawama nibebe mimi." Akapunguza mwendo. "Wivu sikuufikiria kabisa. Nina miaka sitini na moja, Leota."

Leota alitaka kucheka, akalia.

*

Chemchemi kumi na moja zilibaki kwenye ramani. Kisima namba kumi na nne kiliamriwa kupimwa upya miezi sita. Delphine alihamishwa eneo jingine, ili kusiwe na maneno. Aliyekuja mahali pake alikuwa mzee mwenye upara na glavu za mpira, mtu yule yule hasa ambaye Leota aliwahi kumwomba moyoni.

Jumatatu ya kwanza ya Desemba Leota alimwita Orrin waende kibandani pamoja. Orrin alizima swichi, Leota akafunga kufuli, akampa mumewe ufunguo. Kesho yake mzee wa upara alishusha utepe ukalia pii. "Sitini na mbili na nusu," alisema, akaandika. Leota alimkaribisha kahawa. Akasema ahsante, hanywi, akaondoka zake, na kazi yote ilikuwa imechukua dakika nane.

Jikoni walikaa wawili. Orrin alikuwa anatazama kiti kitupu bila kujua kwamba anakitazama. Tangu ule mkutano alikuwa amerudi kuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Leota alimimina kahawa, akakaa.

"Orrin. Ulipoteremshwa kisimani, ukatazama juu. Uliona nini?"

Orrin alikoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Hiyo nimeshaisimulia," alisema.

Akainuka, akachukua kofia na ufunguo ili akawashe pampu, ng'ombe walikuwa wanangoja. Leota alibaki akitazama kikombe. Mlango ulifunguliwa, baridi ikaingia, lakini haukufungwa. Orrin alikuwa amesimama kizingitini, amempa mgongo.

"Uliza nyingine," alisema.